Kifaranga Aliyetulia

Wasikilizaji wapendwa, kama mna kazi mkononi endeleeni nayo. Sisi tunaomba masikio tu. Leo tunamkumbuka kinyozi. Mzee mmoja mfupi, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Watu walimwita Tulia. Mama yake hakumpa jina hilo. Ni neno alilolisema mara mia kwa siku. Mtoto akiletwa kunyolewa, akapiga mateke, akalia kama anachinjwa, mzee anakishika kile kichwa kwa vidole viwili. "Tulia, bwana mdogo. Tulia. Sikio ni lako, mimi sina shida nalo." Basi jina likaganda.

Tulia alifariki wiki tatu zilizopita. Tunarudia kwa waliochelewa kufungua redio: Tulia, kinyozi, amefariki. Ameacha mke, binti mmoja, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa kiume, ambaye miaka yote alinyoa kwenye kiti cha pili. Chumba chao cha kazi mliopita pale mnakijua. Viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na bango la mitindo ya nywele ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba hata mmoja.

Mke wake ni mpishi wa shule. Ndiye aliyetuomba kipindi hiki. Alikuja mwenyewe, akakaa, akaweka mkoba magotini, akasema, "Sitaki mseme alikuwa mtu mzuri. Hilo wameshalisema makaburini. Nataka mseme habari za kuku."

Haya. Tuseme habari za kuku.

Miaka saba iliyopita mama huyu alikuwa na kuku tisa nyuma ya nyumba. Tisa. Banda alilipiga misumari kwa mkono wake, mbao za mlango wa zamani, kitasa bado kipo. Kila alasiri anarudi kutoka shuleni na ndoo ya mabaki ya jikoni. Kuku wakisikia tu geti linalia, wote mbio, mabawa juu, kama watoto waliosikia kengele ya kutoka.

Tulia mwenyewe kuku hakuwataka. Kila siku ugomvi.

"Ndugu zako wamenichafulia kibaraza tena."

"Na mayai unayokula asubuhi ni ya nani?"

"Mayai ni yangu. Kuku ni wako."

Ndoa yao ilikuwa hivyo. Ukisikia kwa nje utadhani wanapigana, kumbe chai iko mezani na mmoja anamkorogea mwenzake sukari.

Sasa, mmoja wa wale kuku alikuwa ametotoa. Vifaranga watatu. Mwewe akaja, akachukua mmoja, wakabaki wawili. Mama jioni anaosha vyombo, akasema, "Wangepata mwenzao hata mmoja." Alijisemea tu. Hakumtuma mtu.

Lakini Tulia alisikia. Na kesho yake mchana, mtu ambaye hajawahi kununua hata leso bila kuelekezwa na mkewe, akafunga kiti, akamwambia mdogo wake, "Twende. Nakwenda kumchagulia mama kifaranga."

Mdogo wake anakumbuka vizuri. Anasema walifika kwa muuza vifaranga, wakakuta boksi kubwa chini ya taa, vifaranga kama arobaini, wanarukaruka, wanakanyagana, kelele tupu. Na pembeni kabisa, mmoja. Wa rangi ya majivu. Kasimama, kichwa chini, macho nusu yamefumba. Tulia akamchota kwa kiganja. Kifaranga hata hakupiga kelele.

"Kaka, mbona huyu kazubaa?" mdogo wake akauliza.

"Hajazubaa. Katulia."

"Chukua hawa wanaorukaruka."

"Hao wanaorukaruka ndio ninaowakata masikio kila siku. Miaka thelathini nashika vichwa, wewe. Namjua anayetulia na anayesumbua. Huyu ana adabu."

Wasikilizaji wapendwa, mmeiona hiyo? Kinyozi alichagua kifaranga kama anavyochagua mteja. Kwenye kiti chake, kichwa kilichotulia ndicho kichwa kizuri. Sasa kwenye boksi la vifaranga, ni kinyume. Anayetulia ndiye mgonjwa. Tulia hakujua. Angejuaje? Kuku hawakuwa wake.

Akambeba ndani ya shati, mkono mmoja kifuani, akatembea mpaka nyumbani hivyo hivyo, anasalimia watu kwa kichwa. Mkewe alikuwa uani. Anasema hajawahi kumwona mume wake na uso ule. "Siku ya harusi yetu alikuwa anajikuna shingo tu, suti ya kuazima. Lakini siku ile alikuwa anang'aa. Akafungua kifungo, akaniambia, 'Mama, nimekuchagulia mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia.'"

Na hapa, wasikilizaji, naomba tusikimbie.

Mama alimwona yule kifaranga. Alimwona mabawa yamelegea. Alimwona anasinzia jua likiwaka. Mtu aliyefuga kuku miaka yote hiyo, anajua. Na siku zote kuku mpya akija, mama alikuwa anasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," anamtenga chini ya tenga, wiki mbili, maji yake mbali, chakula chake mbali. Siku zote. Siku ile hakusema.

Tulia akainama mwenyewe, akafungua banda, akamsukuma kifaranga taratibu chini ya bawa la yule kuku mwenye watoto. Akageuka. "Umeona? Kapokelewa."

Mama akasema, "Nimeona. Umechagua vizuri."

Anasema alifikiri, acha alale na furaha yake leo. Kesho mzee akienda kazini, nitamtoa kimya kimya, nimtenge. Siku moja tu. Siku moja itadhuru nini?

Asubuhi akamkuta kifaranga amekufa, yuko ndani ya chombo cha maji ambacho wote walikuwa wanakinywea.

Siku ya sita kuku wa kwanza akaanguka. Ilikuwa kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Shingo zinapinda, kuku anazunguka pale pale. Ndani ya siku nne wote tisa wakaisha, na wale vifaranga wawili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja, mwenyeji hakupona hata mmoja.

Tulia alichimba shimo mwenyewe. Anachimba, anasema, "Mimi ndiye niliyemleta. Mimi ndiye niliyemleta." Mkewe alisimama na ndoo mkononi. 

Basi kuanzia siku ile Tulia hakuchagua tena. Ilianza kama utani. Wakienda dukani, shati la buluu au la kijivu, anasema, "Chagua wewe, mama. Mimi nikichagua, msiba." Watu wanacheka. Kwenye viti vya kunyolea wateja wakaudaka utani, wakaupeleka mbali. Kijana akitaka kuoa anaambiwa, "Fanya yote, ila usimwache Tulia akuchagulie mke!" Na Tulia anacheka kuliko wote, mashine inatetemeka mkononi.

Lakini nyumbani haukuwa utani. Binti yao anatuambia, alipojifungua, alimletea baba yake mtoto ampe jina. Heshima hiyo ya babu, mjukuu wa kwanza. Mzee akamshika mtoto, akamtazama sana, akamrudisha. "Mpe mama yako achague. Mimi nikichagua kitu, kinakufa."

"Nilikasirika," binti anasema. "Nikamwambia, baba, kuku ndio wa kumnyima mtoto wangu jina? Akaondoka chumbani. Mama naye akabaki anakunja nepi ile ile mara tatu."

Mama alikuwa anajua. Miaka saba, kila "chagua wewe" aliyoisikia, alikuwa anajua. Tulimuuliza, mbona hukumwambia?  Akasema, "Mwanzo nilimwonea huruma yeye. Baadaye nikajionea huruma mimi."

Wakamlaza mzee hospitali mwaka huu, kifua. Wiki ya pili akawa hana nguvu hata ya kubishana, na ukisikia Tulia habishani ujue hali si nzuri. Mchana mmoja mama akavuta stuli mpaka kitandani. Akasema moyoni, leo. Akamshika mkono.

"Mzee. Yule kifaranga..."

Hakumaliza. Tulia akageuza uso, macho yamejaa. "Najua, mama. Najua. Miaka yote hukuniuliza, na mimi nikashindwa kuanza. Nisamehe wale kuku wako."

Mama mdomo wazi. Neno liko hapa, kwenye ulimi. Si wewe, ni mimi. Nilimwona. Maneno mafupi hayo. Lakini mume wake alikuwa anamtazama, anasubiri lile analolisubiri miaka saba.

"Nimekusamehe," akasema.

Tulia akashusha pumzi. Akalala. Siku ya tatu akafariki.

Ndipo mama huyu alipotuambia, hapa hapa, mkoba magotini: "Nimemsamehe mume wangu kosa langu mimi. Kalibeba mpaka kaburini, na anadhani mimi ndiye mwenye roho nzuri. Kaburini hawezi kunisikia. Basi semeni nyinyi, wasikie waliokuwa wanamcheka."

Tunasema, mama. Mliokaa kwenye vile viti viwili, sikieni. Kifaranga aliletwa na Tulia. Ugonjwa ulionekana na mkewe. Mkewe akanyamaza. Kuku tisa hawakuuawa na mkono wa Tulia. Tunarudia: halikuwa kosa la Tulia. Yeye alikwenda kumfurahisha mke wake, basi.

Kwa mama, kwa binti, kwa mdogo mtu uliyebaki na viti viwili na mikono miwili: poleni sana. Hatuna la kuwaondolea. Tuko nanyi tu. Na wewe, mama, uliyekuja kusema hili mbele ya watu wote wakati ungeweza kukaa nalo kimya mpaka mwisho, pole mara mbili.

Na nyinyi wasikilizaji wapendwa, fikirini kidogo kabla hamjazima. Huenda leo, jioni hii, kuna mtu ndani ya nyumba yako anakuomba radhi kwa jambo ambalo unajua kabisa ni lako. Usimsamehe huyo. Mwombe wewe.