Simo la Mheshimiwa

Juzi mbunge wetu alisimama bungeni kumuuliza waziri kama anajua kila shimo lililo kwenye barabara yetu. Lakini sisi Wajaluo 'sh' hutuponyoka ulimini, hata mwalimu wangu wa masomo ya jioni amechoka kuirekebisha, na mheshimiwa akasema 'simo'. Waziri akasikia 'simu', akaahidi kutujengea mnara wa mtandao.

Leo, kwenye gari la kwenda Rodi Kopany, mzee aliyeketi nyuma yangu alikuwa na furaha. "Mnara ni mnara, mama. Ukiomba mbuzi upewe kuku, utamfukuza?"

Mama wa pembeni yake hakukubali, ingawa alimwita mzee kwa heshima ya Kijaluo. "Jaduong', binti yangu Beverly anajifungua mwezi ujao. Atapanda huo mnara afike hospitali?"

"Si utapiga simu ambulensi ije."

"Ije ikipitia wapi? Si ni hapa hapa?" mama akauliza. Nilimvuta mtoto wangu karibu, maana naye nusura azaliwe kwenye barabara hii.

"Basi mheshimiwa arudi aulize tena," mzee akasema.

"Aulize kwa Kizungu."

"Akiuliza kwa Kizungu, sisi huku tutajuaje kama ametutetea?"

Hapo gari likatumbukia shimoni na kuzima. Dereva akatuomba tushuke tusukume. Mimi na mtoto tulisimama kando tukawatazama wale wawili wakisukuma bega kwa bega.

"Lakini mtandao utakuwa mzuri," mzee akasema akihema.

"Sukuma kwanza, jaduong'."