Mlango Usio na Komeo

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, madaktari, wauguzi, na wake zetu mnaochekea ndani ya kanga huko nyuma,

Karibu sana. Sisi ni wanaume ishirini na wawili tunaotibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi. Utuwie radhi tukisoma haraka, wengine tumeshakunywa maji yetu.

Tulikotoka

Tulikuja hapa wabishi. Tulipoambiwa kwamba kabla ya kila mionzi kibofu kijae maji na utumbo uwe mtupu, tulidhani tunataniwa. Mzee Chaki, mwalimu mstaafu, alimuuliza binti wa mashine mbele za watu, "Binti yangu, mimi naumwa tezi, choo kinahusikaje?" Kesho yake akaja ameshiba maharage, mkewe kampikia apate nguvu.

Tuliyoyaona

Binti huyo, umri wa wajukuu zetu, alimpiga picha kwanza. Hakuwasha mionzi. Alimwita aone picha kwenye kioo cha kompyuta.

"Babu, hii nyeusi ni gesi. Imeisukuma tezi yako mbele. Nikiwasha sasa, nitachoma pasipougua."

Mzee Chaki kafundisha hesabu miaka thelathini na minane, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyefundishwa. Alipotoka akatunong'oneza, "Jamani, ile mashine imejua nilichokula jana!"

Mgeni rasmi, hadi leo tunastaajabu. Tumekaa na miili hii miaka sitini, sabini, bila kujua kwamba vilivyomo ndani vimepangwa kwa ukaribu huo, na kwamba yupo mtoto wa watu anayevipima kila asubuhi kama fundi anayekata kioo cha dirisha. Ubishi umekwisha. Maharage na kabichi tumeviaga, dawa ya kusafisha utumbo, ile ya kuingizwa kwa nyuma, tunaitumia bila kusukumwa, na siku tumbo likifunguka vizuri tunapeana mikono.

Yanayotukwamisha

Choo cha wanaume ni kimoja. Fremu ya mlango imeoza, kila komeo tunalonunua linang'oka. Dawa ile inataka robo saa ya utulivu, nasi tunaitumia huku mguu mmoja umezuia mlango.

Mwenzetu Mwashi, fundi wa kujenga kama jina lake, alifunguliwa mlango mara mbili, mara ya pili na mama mmoja aliyepotea njia. Kwake hakuna afadhali: anaishi kwa binti yake aliyeolewa, na choo ni cha nyumba nne. Hakugombana na mtu. Alivaa koti lake akaondoka, amebakiza mionzi tisa kati ya ishirini. Leo ni siku ya nne. Daktari anasema kila siku inayopita inaupa ugonjwa nafasi. Tunaogopa sana.

Ombi letu

Hatuombi mashine nyingine, hii inatosha kutushangaza. Tunaomba vyoo viwili vyenye milango ya kufungwa kwa ndani.

Juzi tulimfuata Mwashi kwake. Aliuliza jambo moja tu: "Komeo limeshika?" Tukatazamana. Akasema, "Basi leteni matofali na saruji, nijenge mwenyewe."

Maneno haya tumeyaongeza asubuhi hii. Mwashi amekuja. Ndiye yule mwenye koti la kahawia karibu na mlango, mwiko na pimamaji viko mkononi. Tunakuomba usiondoke kabla hujamjibu kama matofali na saruji vitapatikana.

Mungu akujalie afya, akuzidishie miaka, na tumbo lako likutii daima.

Ni sisi,
Wanaume wa Mionzi ya Asubuhi, ishirini na wawili, Mwashi akiwemo.