Maneno Mawili ya Simu

Sogeeni, wanangu. Rosalba, weka chini hicho kikombe, nikikohoa nitakohoa tu. Hernando na Misael, kaeni hapo ninapowaona, maana nina neno ambalo mama yenu alikwenda kaburini bila kulijua.

Nyumba ni ya Rosalba, aliyeniuguza. Ng'ombe na shamba la viazi la juu gawaneni nyinyi wawili bila kupelekana kwa wakili. Limebaki shamba la chemchemi, na hilo sitaligawa kabla hamjanisikia.

Mwaka wa hamsini na nane, baiskeli ziliposhindana kuzunguka nchi nzima, Abelardo Siachoque, jirani yetu huyu, alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji chetu cha Peña Fría kuingia mashindanoni. Mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti mbele ya kanisa. Rafiki yangu wa mjini Tunja alinipa habari kwa simu, nami nikawatangazia watu. Mmekua mkisikia watu wakicheka kwamba mvua ilikata simu, baba yenu akaona aibu kunyamaza, akabuni mashindano dakika arobaini mpaka akampa Abelardo ushindi. Hayo ni kweli. Kengele zililia, fataki zikarushwa, na mama yake, bibi Hermelinda, akachinja kondoo wake wa pekee.

Ambalo sikuwahi kusema ni hili: kabla simu haijakatika nilisikia maneno mawili. "Siachoque ameanguka." Niliyasikia vizuri kama mnavyonisikia sasa. Nikainua macho, nikamwona Hermelinda amekaa kwenye ngazi za kanisa na rozari yake, ananitazama mdomo. Nikataka kumwambia, ukatoka uongo. Kisha uongo ukaninogea, wanangu, kwa sababu watu walikuwa wakinishangilia na mimi.

Ningesema kweli, mama yule angepanda lori la viazi jioni ileile kumfuata mwanawe. Badala yake Abelardo alilala siku tatu kwenye zahanati ya mji asioujua, bega limevunjika, hana ndugu wa kumsemea kwa daktari, huku sisi tunakunywa bia kwa jina lake. Mkono ule haukunyooka tena. Aliporudi wakamwita Bingwa, na mpaka leo sokoni wanamwita hivyo wakimcheka. Mimi sikuweza kumtazama usoni, nikaona rahisi kumchukia. Mwaka wa ukame alikuja kuomba maji ya mfereji unaotoka kwenye chemchemi yetu, nikamkatalia, nikauziba upande unaokwenda kwake, nikawafundisha nyinyi kwamba akina Siachoque ni watu wa shari. Hawakuwahi kutufanyia shari yoyote.

Alhamisi nilimtuma Rosalba amwite Abelardo. Nilimwambia yote. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nilijua," akasema. "Rafiki yako wa Tunja aliniambia mwaka uleule."

Nikamuuliza mbona hakunifedhehesha.

"Mama alikuwa akisema hajapata siku nzuri kama ile maishani mwake. Ningemharibia. Lakini usidhani nimesahau, Evaristo. Mkono huu unaniuma kila asubuhi, na kila asubuhi nakukumbuka."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Alisema njegere za mjukuu wake zinakauka kwa kukosa maji. Kisha akavaa kofia, akaenda.

Kwa hiyo shamba la chemchemi msiwauzie wale watu wa kampuni ya maziwa wanaolitaka, hata wakirudi mara kumi. Hernando, naona unavyokunja uso. Kunja, lakini tii. Ardhi iwe yenu, maji yawe ya nyumba zote mbili, mkaandikishe mjini ili wajukuu wasije wakageuza. Wala msimwambie Abelardo kwamba ni zawadi. Watu wakiwauliza sababu, waambieni baba yetu alisikia ile simu kabla haijakatika. Semeni hivyo hivyo: alisikia. Na mtu akimwita Bingwa kwa kumcheka mbele yenu, mkatazeni.

Nizikeni na blanketi langu la kahawia. Hili jipya mpeni Misael, yeye ndiye anayeona baridi.

Rosalba, niinue kidogo... Hapo. Mungu awatunze, wanangu. Awape viazi visivyooza, awape watoto wasiowaogopa, awape majirani mnaoweza kuwatazama machoni. Nimewabariki wote watatu, sawasawa.

Sasa, Hernando, Misael, chukueni majembe. Si kesho. Mfereji umejaa udongo wa miaka... mingi, mtachimba mchana kutwa. Rosalba, fungua dirisha la upande wa akina Siachoque.

Na mkiitwa... mkiambiwa baba amekwisha, msitupe majembe. Malizeni kwanza.