Vumbi la Ubaruku

Kwenye gari la abiria, Noah ya kwenda Ubaruku, Damari alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake bwana mmoja, mkoboaji wa mpunga, alikuwa akimwambia muuguzi aliyekaa naye, "Dada, nimepumzika miezi mitatu. Vumbi lote limeshatoka kifuani, narudi mashineni."

"Limetoka, kaka, ila askari wa mwili wako, zile chembe za kinga, wanalikumbuka. Wale wa mstari wa mbele, ambao zamani tulifundishwa hawana kumbukumbu. Ukilivuta kidogo tu, wanawaka kuliko mwanzo."

"Miezi mitatu? Mbona mimi mwenyewe nimeshasahau!"

Damari nusura acheke. Gari liliposimama mashineni, kando ya lundo la pumba, yule bwana aliruka chini, akavuta pumzi ndefu kumwonyesha muuguzi kwamba kifua chake kimepona. Kikohozi kikamkunja hadi akashika mlango. Mashine zilikuwa bado hazijawashwa.