Bi Badriya Azzan, Aliyewashusha Wasindikizaji

"Tiketi haihitaji mtu tena, inahitaji simu yenye chaji." Aliyesema hayo ni Ndugu Muhiddin, mkuu wetu wa mauzo ya mtandaoni, katika kikao cha wafanyakazi cha mwezi uliopita. Wengi walitikisa vichwa kukubali, baadhi kwa kuwa wamekinaishwa, baadhi kwa kuwa chai ilikuwa inapoa. Muhiddin ni mtu mwema na mchapakazi, na tukitoka kikaoni tunakunywa kahawa pamoja. Lakini katika hili amekosea, na ushahidi wa kosa lake umekaa kwenye meza ya mbele ya ofisi yetu ya Mlandege, hapa Unguja, chini ya feni, kwa miaka thelathini na nne.

Ushahidi huo ni Bi Badriya Azzan. Ijumaa ya tarehe 27 Juni anastaafu utumishi wake katika Mkadi Safari. Kwa pendekezo lililofikishwa kwa wakurugenzi, siku hiyo hiyo meza yake nayo itastaafishwa: itabebwa kupelekwa stoo, na mahali pake patawekwa skrini ya kugusa. Kwa hiyo wasifu huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga Bi Badriya, nayo tunaifanya kwa furaha. Ya pili ni kuizuia meza isitoke.

Alijiunga nasi mwaka 1991, tiketi zikiandikwa kwa kalamu na nakala zikitoka kwa karatasi ya kaboni iliyotutia weusi vidoleni mpaka tukaenda nao maharusini. Mtoto wa Malindi ya Unguja, binti wa ukoo uliowahi kuwa na mashamba ya mikarafuu na ukabakiwa na hadithi zake, alikuja na cheti cha skuli, mwandiko mzuri, na sauti. Sauti hiyo haijapungua. Mteja mgeni akifungua mlango hudhani kuna ugomvi. Kumbe Bi Badriya anaulizia nafasi mbili za Pemba. Mnyenyekevu hakuwahi kuwa, na leo hatutamsingizia. Akipanga safari ngumu ikafika salama, mtaa mzima ulijua kabla ya adhuhuri.

Wakongwe wa ofisi wanamkumbuka kwa mkasa wa kungwi. Msafara wa bibi harusi ulikuwa unakwenda Tanga kwa ndege ndogo, zile ambazo rubani lazima ajue uzito wa kila abiria, na Bi Badriya, bado mgeni wa kazi, akasahau kuwatahadharisha. Pale uwanjani ikaletwa mizani. Kungwi, mwanamke mwenye mwili na heshima zake, akatakiwa apande mbele ya wakwe. "Mimi nipimwe kama gunia la mbata?" akauliza, kisha akakaa juu ya sanduku la bibi harusi na safari ikasimama. Bi Badriya, aliyekuja kuwasindikiza, akawapa mashoga wa bibi harusi kanga mbili wazishike kama pazia, akapanda mizani yeye mwanzo, na uzito wake mwenyewe akautangaza kwa sauti iliyowafikia mafundi kwenye njia ya ndege. Kungwi akacheka, akapanda.

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyekatiwa tiketi mezani kwake bila kuhojiwa. Kabla ya bei na kabla ya saa, swali lake lilikuwa moja: unakwenda na nani, na nani anakusindikiza?

Asiyetujua ataliona swali la umbea. Anayetujua anafahamu kuwa Unguja mtu hasafiri, husafirishwa. Anayevuka kwenda Dar kununua vitenge arudi kesho, hufikishwa bandarini na ndugu, majirani, na mtu mmoja ambaye hakuna anayekumbuka ni wa nani. Tena wasindikizaji wetu hawajui kuishia getini. Wapo waliomsindikiza mgonjwa hadi Muscat, wakarudi na marashi.

Ndipo ikaja korona, na kila mtu akataka jibu fupi: treni, gari au ndege, ipi salama? Treni hapa kwetu ni kitu cha kusikia tu. Reli ya Bububu iling'olewa zamani, hata mabibi zetu waliihadithiwa. Lakini mwenye shida ya kufika Moshi au Dodoma, akishavuka maji, lazima achague. Simu zilijaa wataalamu. Ndugu yetu Muhiddin alitengeneza jedwali lenye rangi: ndege kijani, gari njano, treni nyekundu. Lilikuwa zuri kulitazama, likasambaa mpaka Makunduchi. Kasoro yake ilikuwa moja: ndani yake hamkuwa na watu. Ndege, gari na treni zilipangwa kama vile zinakwenda tupu.

Na Bi Badriya mwenyewe alianza kwa kukosea. Muhiddin hukumbusha hilo kila apatapo nafasi, basi nimtangulie. Mwanzoni alishikilia kuwa treni ndiyo bora, kwa sababu madirisha yake yanafunguka na upepo ni dawa. Akampeleka Moshi kwa treni Mwalimu Zahran, anayesomesha skuli moja ya Amani. Mvua ikanyesha tangu treni inaondoka Dar. Madirisha yote yakafungwa, watu wakabanana, mtoto wa jirani akachafua hewa, na Mwalimu Zahran akafika akiwa ametota jasho. Aliporudi alisimama mlangoni bila kuingia. "Bi Badriya, ulinikatia tiketi ya treni au ya hamamu ya mvuke?" Bi Badriya alicheka naye, akamuomba radhi, na tangu hapo akaacha kusema chombo fulani ni salama. Alisema chombo ni vile kilivyojazwa.

Sasa nifike kwa Mzee Valimohamed, muuza vitambaa ambaye nusu ya Mlandege imeshonesha sare kwa mkopo wake wa maneno matamu. Mzee alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa linaingia ukungu. Miadi yake ya kupasuliwa katika hospitali moja ya Moshi ilishaahirishwa kwa ajili ya korona, na daktari akasema ikikosekana tena jicho halitangoja. Upande wa pili, mzee ana pumu tangu utotoni. Akiambukizwa njiani, angefika Moshi akiwa wa wodi nyengine. Basi akina Valimohamed walikuwa wanachagua baina ya jicho na kifua.

Alikuja mwanawe mkubwa, Nadir, pamoja na mama yake, Bi Fatmabai. Uamuzi wameshaufanya.

"Tunakodi gari Dar, Bi Badriya. Gari yetu wenyewe, milango tunafunga. Korona itaingilia wapi?"

"Itaingia na nani, ndiyo uniambie."

Nadir akawataja: baba, mama, yeye na mkewe, shangazi ambaye mlima Kilimanjaro hajapata kuuona, jirani anayetaka kushushwa Same, na dereva wa gari ya kukodi ambaye hawamjui kwa sura wala kwa jina. Bi Fatmabai akaongeza kuwa kiyoyozi kingewashwa kwa sababu ya joto, na kapu la sambusa lingekuwa katikati, kila mtu achukue.

"Mwanangu," akasema Bi Badriya, "hiyo si gari. Hiyo ni baraza yenye magurudumu."

Hapo akafanya kazi yake, na naomba wasomaji waiangalie vizuri kwa sababu ndiyo inayotaka kupelekwa stoo. Ndege ilikuwa na sifa yake: muda mfupi angani, muda mfupi karibu na pua za watu. Lakini safari zilikuwa zimepunguzwa, na iliyobaki ingefika baada ya miadi. Treni ilikuwa na vyumba vya kulala, na familia ingeweza kukichukua chumba kizima ikafunga mlango wake ikafungua dirisha lake. Lakini ni usiku mrefu wenye vumbi, na kifua kikibana katikati ya pori treni haisimami kwa ajili ya mtu mmoja. Gari inasimama popote penye zahanati. Basi akachagua gari, ile ile aliyoikebehi, ila kwa sharti kuwa ashuke kila asiyekuwa na kazi. Abaki mzee, Bi Fatmabai wa kumuuguza, na Nadir wa kuendesha. Vioo chini mpaka Moshi. Na kwenye boti wakae sitaha ya juu penye upepo, si kwenye ukumbi wa kiyoyozi na televisheni.

Nadir alifahamu mara moja. Kisha akainama. "Na shangazi nani atamwambia?"

Huo ndio ulikuwa ugumu wa safari, si kilomita. Kwetu kumwambia dada wa baba yako asimsindikize kaka yake mgonjwa ni sawa na kumwambia hatakiwi mazikoni. Vijana wengi walikuwa radhi kubanana na korona kuliko kusema neno hilo. Jedwali lolote la rangi lingefia hapo.

"Mwambieni Badriya kakataa," akasema Bi Badriya.

Shangazi alikuja asubuhi ya pili. Hakutoa salamu wala hakukaa.

"Wewe nani hata unitenge na kaka yangu?"

"Mkata tiketi tu, shangazi. Nawe ya boti sikukatii."

"Nitakwenda ofisi nyengine."

"Nshazipigia zote."

Alikuwa kweli ameshazipigia. Shangazi akamtolea maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, na wateja wawili waliokuwa wakingoja wakajifanya wanasoma bango la Dubai. Bi Badriya aliyapokea yote, akamshukuru kwa kuja, akaendelea kumuita shangazi mpaka alipotoka mlangoni. Ramadhani nzima hawakusemeshana. Sikukuu ya Idi likaletwa bakuli la biriani kutoka kwa shangazi, bila salamu, na bakuli lilipotaka kurudishwa likarudishwa na halua, wakapatana.

Wiki ile ile ya safari, jirani aliyetaka kushushwa Same alipoteza harufu ya pua na ladha ya ulimi: anakula urojo kama anakunywa maji ya mfereji. Alipona, alhamdulillahi. Sisemi kwa yakini kuwa angemuambukiza mzee. Asemaye hivyo kwa yakini anabahatisha. Nasema kiti chake kilikuwa nyuma ya mzee, vioo vimefungwa, kutwa nzima. Mzee Valimohamed alifika Moshi kifua kizima, akapasuliwa, akarudi anaona. Lalamiko lake tangu hapo ni moja tu, kuwa watu wa Mlandege wamezeeka sana na hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi kwenye hoja ya simu na chaji. Simu inajua ndege inaondoka saa ngapi. Bi Badriya naye siku hizi hutazama huko huko, hana ugomvi nayo. Simu inaweza kulinganisha bei za treni na gari kwa haraka kuliko sisi sote. Haiwezi kuuliza nani yumo kwenye gari halafu isiliamini jibu la kwanza. Na haiwezi kubeba lawama. Mtu wa Unguja hamwambii shangazi yake kuwa programu imekataa, kwa sababu shangazi atamwambia aizime. Anahitaji mtu mwenye jina, mwenye ofisi inayojulikana, anayeweza kuendewa akatukanwa, na kesho yake bado yupo mezani. Miaka ile Bi Badriya alikuwa mtu huyo kwa familia nyingi mno. Aliwashusha wasindikizaji magarini, akawatoa kwenye foleni za uwanja wa ndege, akagombana na mji aliozaliwa, na mji haukumchukia.

Haikuwa korona tu. Mawakala wengi wa safari mjini hapa walianza kazi kwa kukaa pembeni mwa meza yake, wakiwamo wanaoshindana nasi leo. Amepanga safari za mahujaji, za timu za mpira, za wagonjwa na za wachumba waliokuwa hawana hakika. Hivi karibuni aliwapeleka kinamama wa Mtoni mpaka Dodoma kwa treni mpya ya umeme. Walirudi siku ya pili wakisema mji hawakuuona vizuri, lakini treni wameiona. Na katika mwaka ule mgumu alimvuta mezani kwake Bi Amne wa dawati la hoteli, mama wa watoto wanne asiyetishika kwa makelele, akamfundisha kuuliza na kumfundisha kukataa. Tangu hapo, Bi Badriya akiwa likizo, Bi Amne ndiye hushika nafasi, na ameshatukanwa na mashangazi watatu bila kutoa tiketi.

Bi Badriya, wenzako wa Mkadi Safari tunakushukuru. Umetuambia unakusudia kupanda treni mpaka Kigoma, peke yako, bila hata mtu wa kukufikisha bandarini. Hilo la bandarini halikubaliki na tutakuja wote. Mungu akujaalie afya, wajukuu wenye masikio ya kustahimili sauti yako, na kila safari kiti cha dirishani.

Na nyinyi, Bwana Sajjad na Bi Mitali, wakurugenzi wetu: pendekezo la skrini linakuja kwenu Alhamisi kutiwa saini. Msilitie saini. Kama skrini mshainunua, itundikeni ukutani, nafasi ipo. Meza iacheni ilipo, na Jumatatu ya tarehe 30 Bi Amne akae nyuma yake akiwa na barua ya uteuzi mkononi, yenye majina yenu wawili chini.