Wimbo wa Tano Haujaisha

Saa mbili na robo asubuhi, ndani ya basi, mzee wa kiti cha mbele yangu alikuwa ameshika kompyuta ya kiganjani, zile za zamani za kuandikia miadi, nayo ilikuwa ikipiga muziki. Jirani yake, kijana fundi simu, hakuvumilia. "Shikamoo mzee. Hicho kitu bado kinaimba?"

"Marahaba. Kinaimba na kinaniongoza. Macho hayaoni vituo, basi mke wangu kapanga nyimbo tano. Ya tano ikiisha, nasikia sauti yake mwenyewe ikiniambia nishuke. Leo natolewa mtoto wa jicho, sitaki kupitiliza."

"Na foleni ikiwepo?"

"Juzi ilikuwepo. Nikashukia sokoni, nikarudi na nyanya. Mke wangu hakulalamika."

Fundi alicheka. "Simu yenye ramani ingekutajia kila kituo, mzee wangu."

"Na ramani yako inajua kwamba nasahau fimbo?"

Barabara ilikuwa nyeupe siku hiyo, bila foleni, na basi likasimama mbele ya hospitali ya macho wimbo wa tano ukiwa katikati. Kondakta alitangaza kituo. Mzee hakutikisika.

"Tumefika, babu," kondakta alimwambia.

"Wimbo haujaisha."

"Babu, daktari hasikilizi wimbo huu."

"Mke wangu ndiye anayejua."

Kondakta aligonga bodi, dereva akatia gia. Fundi akapaza sauti basi lingoje, kisha akanyoosha kidole na kubonyeza kitufe cha kuruka wimbo. Sauti ya mwanamke ikasema bila haraka, "Shuka sasa, mume wangu. Fimbo iko kulia."

Mzee alipapasa kulia, akaichukua fimbo, akashuka.