Kutoka Mapangoni Hadi Kwenye Umeme

Jumanne ya tarehe tisa Machi umeme ulikatika wodini, mashine iliyokuwa ikimpa mke wangu pumzi ikanyamaza, naye akaenda zake. Tangu hapo sina neno jema kwa wakubwa.

Leo kwenye treni nilikaa karibu na bibi mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akienda kurudia mtihani wa historia. Akianguka tena, darasa la watu wazima halimpokei. Amri ya wakubwa, bila shaka. Mwashi aliyeketi mbele yake akamchokoza: "Bibi, mtihani na mvi zote hizo?"

"Mvi hazizuii kalamu, mjukuu wangu. Niulize!"

"Haya, binadamu katoka wapi mpaka hapa?"

Bibi akajikohoza. "Tulikaa mapangoni tukichonga mawe. Tukawasha moto, tukapanda mbegu, tukajenga miji, tukabuni maandishi, tukavuka bahari, tukaunda mashine, tukaleta umeme. Leo mtoto anazaliwa usiku na mama anamwona uso!"

"Umewaruka wafalme."

"Hao walikuwa wanakula."

Behewa zima likalipuka kwa makofi, hata mimi niliyesahau kucheka. Treni iliposimama, bibi alishuka kifua mbele kama aliyekwisha kufaulu. Nikapaza sauti dirishani: "Bibi, moto tumeutunza tangu mapangoni, wodini kwetu ni nani aliyeuacha uzimike?"